Komamanga na Presha ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mkomamanga wa uani umezaa mpaka matawi yanagusa chini. Nashukuru. Riziki imenifuata mlangoni. Nimemuuliza shemeji, mdogo wa mke wangu, anayefanya kazi maabara ya chuo, kuna nini ndani ya tunda hili. Akasema ganda limejaa tanini, ile inayokaza ulimi, na juisi ina kemikali zinazochunguzwa kwa ajili ya presha. Akaongeza kwamba kuchunguza si kuthibitisha. Hilo liliingia sikio hili, likatokea lile.

Jumatano, 5 Machi
Nimechemsha maganda. Sufuria ya mke wangu imekuwa nyeusi, naye hasemi nami. Nimekunywa vikombe vitatu niwe shahidi wa dawa yangu. Mfamasia wa ng'ambo ya barabara amepita, akanusa, akauliza kama natengeneza rangi ya viatu. Wivu. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya pili sijapata choo. Tanini imekaza zaidi ya ulimi. Nimeacha maganda, nimehamia kwenye juisi. Mama mkwe amekuja kutusalimia. Amekunywa bilauri nne, akasema mkwe wake ana mkono wa uganga. Humu ndani ni yeye peke yake anayeniamini. Karibu nilie.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe, aliyelala kwetu, ameanguka jikoni asubuhi. Aliinuka kitini, akashikwa na kizunguzungu, akaenda chini. Mke wangu akaniambia nisimguse mama yake. Mfamasia akavuka barabara mbio, kandambili mguu mmoja. Akamlaza, akamwinua miguu, akapima presha. Imeshuka mno. Akauliza mama anatumia dawa gani. Vidonge vya presha. Na nini tena? Wote wakanitazama mimi.
"Jirani," akasema taratibu, "vidonge vinashusha, na juisi huenda nayo inashusha. Umemteremsha mama wa watu ngazi mbili kwa mpigo."
Akatusindikiza mpaka zahanati, duka lake kaliacha wazi. Jioni tumerudi na mama, anatembea mwenyewe. Sijawahi kumshukuru Mungu namna hii.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe amenishika mkono, akasema hana kinyongo, maana nilimpa kwa upendo. Nimelia kweli. Nimempelekea mfamasia kapu la komamanga na kumwomba radhi kwa yote niliyomsema. Kumbe hakuwa ameyasikia. Hata hivyo alinikaribisha chai, akanisihi tunda niliache liwe tunda. Nikaapa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeamka na moyo mweupe. Mama mzima, mke wangu ameniamkia, jirani amekuwa ndugu. Nikakaa uani nikatafakari yaliyotupata. Bilauri nne tu, mtu mzima yuko sakafuni. Hiyo si dawa ya mchezo. Nimeosha chupa thelathini na kuandika karatasi ya kubandika: "Inashusha presha. Imejaribiwa nyumbani. Inywe ukiwa umekaa."