Siku Tatu za Kutafuna Mizizi

Jumatatu, 2 Machi 1908
Mzee Dadi kanijibu: binti yake Mwaisha haolewi na mtu asiye na kazi. Sawa! Kazi ipo. Bwana Kishor mwenye duka anatafuta karani. Mshindani wangu ni Mikidadi, aliyesoma shule ya serikali, anayeongea Kijerumani kama mtu aliyepaliwa. Nikamwambia Bwana Kishor mimi najua Kiingereza. Nilikaa Unguja miezi miwili kwa Mwingereza. Kwamba nilikuwa naosha vyombo, sikutaja.

Jumanne, 3 Machi
Bahati! Bwana Kishor kaletewa mizizi ya dawa kutoka Unguja. Ni ya mama yake, Bi Nalini, anayekohoa wiki ya tatu sasa. Migumu kama kuni. Maelezo yake ni ya Kiingereza. “Mizizi” nikaitambua. “Siku tatu” nikaitambua. Katikati, neno moja: macerate. Sijapata kuliona! Mikidadi kanikodolea macho. Nikasema: kutafuna. Mgonjwa atafune siku tatu. Nikapewa kazi papo hapo.

Alhamisi, 5 Machi
Bi Nalini ana meno manne. Alikuwa nayo. Yamebaki mawili. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu kwa Kigujarati, maneno mengi. Nikamwambia Bwana Kishor dawa inafanya kazi, mama hakohoi. Atakohoaje, mdomo umejaa? Nikaonja mzizi mmoja kwa siri. Taya ikalia ka!

Ijumaa, 6 Machi
Mikidadi, mfitini mtupu, kapeleka maelezo kwa Regina, mpishi aliyelelewa na wamisionari wa Kiingereza. Regina kacheka mpaka kakaa chini. Neno lile ni kuloweka! Unatia mizizi majini, unaiacha ilainike, mgonjwa anakunywa maji yake. Nikajitetea kwamba hata mdomoni kuna maji.
“Stambuli, toka dukani kwangu,” akasema Bwana Kishor.
Bi Nalini akanisindikiza kwa mzizi. Shabaha anayo.

Jumapili, 8 Machi
Bi Nalini kanywa, kalala bila kukohoa. Nimefurahi, kweli. Karani ni Mikidadi. Mwaisha kanikuta nimejiinamia, akaniuliza kwa upole kwa nini sikusema tu kwamba sijui. Swali la ajabu! Nimelifikiria mchana kutwa.

Jumatatu, 9 Machi
Mgiriki mmoja wa ujenzi wa reli kaja sokoni. Anatafuta mkalimani anayejua Kigiriki. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Naanza kesho!