Mwanahija na Herufi Iliyokatwa Mguu

Sogeeni, enyi watu wa Zinga na nyinyi mlio njiani kwenda Kerege, tegeni masikio, maana zinazosimuliwa hapa ni habari za Mwanahija binti Shuaibu, mwamba wa kanga mbili, na vita alivyopigana kwa ajili ya kidonge kimoja.

Ilikuwa Jumatano. Homa ilikuwa imemlaza mumewe, Bwanausi, na Ijumaa binti yao Adila alikuwa anaolewa, naye baba ndiye walii, mwenye kumwozesha. Dawa ilikuwapo, maji yalikuwapo. Lakini juu ya cheti cha daktari Bwanausi aliona R iliyokatwa mstari mguuni, akagoma. Mtu huyu amekunywa kombe tangu utotoni, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji ya waridi, na anajua kwamba kilichoandikwa humwingia mtu mwilini.

"Hii ni talasimu!" akanguruma chini ya blanketi. "Wallahi simezi mpaka nijue inamwita nani!"

Mwanahija akajifunga kibwebwe, akatwaa buibui kama avaaye dirii ya vita, akaivuka barabara kuu yenye malori hadi duka la dawa.

"Ewe Raya, mlinzi wa makabati, nifumbulie alama hii, kabla mwanangu hajaozwa bila baba yake!"

Raya alimeza ubuyu kwanza. "Shikamoo, mama. Hicho ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. *Capere* ni kushika. Ukitanguliza *re*, kurudisha kwako, unapata *recipere*, kupokea, kuchukua. *Recipe* ni amri: Chukua! Madaktari wa zamani walimwamuru mchanganya dawa achukue hiki na kile. Imebaki R tu, na mstari wa kuonyesha kwamba neno limefupishwa."

"Haimwiti jini?"

"Inaniita mimi, mama."

Mwanahija akarudi mbio na ushindi wake, akausimulia wote. Bwanausi akatafakari kama kadhi.

"Basi aliyeamriwa ni Raya, na Raya keshachukua. Mimi hainihusu."

Hapo Mwanahija akaelewa kwamba mumewe anaogopa tu, na yeye mwenyewe akamhofia kuliko alivyotaka kukiri. Akasimama wima, kidonge mkononi.

"Bwanausi bin Haidar! Warumi wamemwamuru Raya. Wewe nakuamuru mimi. Chukua!"

Akachukua. Koo likapanda, likashuka. Na iandikwe kwamba siku hiyo, kabla ya adhuhuri, amri iliyovuka bahari na karne nyingi ilitiiwa Zinga, kitandani, kwa uso uliokunjamana. Adila, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani harusi imeanza.