Mashua Uani Ekerenyo

Jumapili, Januari 5
Mokua karudi kutoka Mombasa. Huyu ni jirani yangu, mzee mwenzangu wa kanisa. Alimpeleka mkewe kulala hotelini siku tatu, na jana, Sabato, baada ya ibada akatuonyesha picha arobaini na moja. Nilizihesabu. Tulipofika langoni Orpah wangu akasimama. Kisha akasema polepole kwamba tangu tuoane, miaka ishirini na tatu, hajalala nje ya boma hili isipokuwa matangani na kwenye makambi ya kanisa. Iliniuma. Nikamwahidi papo hapo: kabla Januari haijaisha, tutalala juu ya maji! Ziwani! Kwenye mashua yetu wenyewe, kila wikendi tukipenda! Sijui kuogelea, lakini ahadi ni deni.

Jumatano, Januari 8
Kendu Bay, kando ya ziwa, pamoja na Okoth anayeuza samaki sokoni kwetu. Mashua ya kwanza ina chumba, kitanda na choo. Kwa bei yake unapata shamba la chai na nyumba juu yake. Ya pili ni ya faiba, ile plastiki ngumu. Niliigonga ubavuni, kidole kikapenya. Tukaondoka haraka. Ya tatu ni ya mbao, mali ya mjomba wake Okoth, Mzee Ombok, aliyeacha uvuvi kwa sababu ya mgongo. Nikaomba ivutwe nchi kavu. Nikalala ndani chali. Nikaenea! Nikalala ubavu. Nikaenea! Mzee akauliza kama sitaki tupige kasia kidogo nione inavyokwenda. Nikamjibu kwamba mimi natafuta pa kulala, si pa kwenda. Tumekubaliana. Ng'ombe wangu mtamba atauzwa.

Jumatatu, Januari 13
Mashua ni yangu! Mzee Ombok alinisihi niiache palepale majini, ataiangalia bure. Bure! Nikamshtukia. Anataka kuendelea kuvulia samaki! Halafu mali ambayo majirani hawaioni ni mali gani? Nikapata lori lililokuwa limepeleka ndizi, likaileta mpaka uani. Ekerenyo nzima ilisimama, boda boda na abiria wao. Mokua akaja, akaizunguka mara mbili, akasema Nuhu angalau aliambiwa kwamba mvua inakuja. Wivu mtupu.

Alhamisi, Januari 16
Jua kali, hakuna hata tone. Mpini wa jembe umelegea, nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji ili ubane. Nageuka, namkuta Orpah anaimwagia mashua maji! Nikampokonya mtungi. Akasema tangu jana anasikia mbao zikilia ta, ta. Akanionyesha jembe ndooni, akauliza kama mashua si mti vilevile. Nikamwambia asichanganye kilimo na ubaharia. Nimeisogeza kutoka kwenye kivuli cha migomba mpaka pale jua linapopiga vizuri, ikauke kabisa kabla ya safari.

Ijumaa, Januari 24
Siku yetu! Orpah ameshona pazia la buluu. Amefunga ndizi mbivu na chupa ya chai. Mokua kasema anangoja picha. Atazipata.

Jumapili, Januari 26
Hakuna picha.
Ijumaa tulifika Kendu Bay mapema, mashua juu ya lori, kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Mzee Ombok akapitisha kidole kwenye nyufa, akauliza niliiweka wapi. Mahali pakavu kabisa, nikamjibu. Tukaisukuma, tukapanda. Orpah akaketi juu ya godoro tulilotandika ndani, akatabasamu kama siku ya harusi yetu. Kisha godoro likalowa. Maji yaliingia kila upande, bila haraka. Nikapiga kelele kwamba nakufa! Mzee akaniambia nisimame. Nikasimama. Yalinifika kiunoni.

Orpah alilia. Hakulilia godoro. Alisema aliniambia, na sikumsikiliza, na hivi ndivyo ilivyokuwa miaka yote ishirini na tatu. Nilijisikia vibaya kweli. Adongo, mke wa Mzee, akampa nguo kavu na kitanda karibu na dirisha. Asubuhi alisema hajawahi kulala vizuri hivyo, akisikia maji. Mimi nililala juu ya nyavu.

Leo Mzee Ombok amejaza mashua mawe, akaizamisha kusudi! Mali yangu! Eti mbao zikinywa maji wiki nzima zitafura na nyufa zitaziba. Nimemwahidi Orpah, mkono juu ya Biblia: safari hii mashua itakaa ziwani, na neno lake nitalisikia.

Jumapili, Februari 2
Okoth amepiga simu. Mashua imeibuliwa na haivuji hata tone! Wikendi ijayo kuna harambee kanisani, kwa hiyo tutakwenda Ijumaa tarehe 14. Orpah ameshaanza kupiga pasi lile pazia, huku anaimba. Moyo wangu umetulia.

Ila jana Mokua aliwatangazia watu nje ya kanisa kwamba mashua ya Obadiah, yaani mimi, ilishakufa, na matanga yake yatatangazwa. Kanisa zima lilicheka! Lazima aione kwa macho yake. Nimeongea na mwenye lori. Jumanne inakuja, tarehe 14 inarudi. Siku kumi tu uani. Orpah nitamwambia ikifika.

Jua bado ni kali. Nimelitumbukiza jembe ndooni, mpini umelegea tena.