Kifaru wa Zamani

Engkus Sutisna alikuwa amekaa kwenye kibanda cha chai pale soko la mitumba la Gedebage, akila andazi la mboga alilonunuliwa na mtu mwingine, aliposikia wazee wawili wakiomboleza msiba. Aliinamisha kichwa kwa heshima. Kisha akagundua kwamba marehemu ni kampuni ya mabegi.

"Badak Rimba imekufa," alisema mmoja, mwenye kofia ya mlimani na kitambi cha mjini. "Zamani begi la kifaru ulikuwa unamrithisha mtoto. Siku hizi ukilitazama vibaya tu, zipu imetoka."

"Kweli, Pak Gumilar. Mwanangu amenunua jipya. Takataka."

"Limechanika wapi?"

"Halijachanika bado. Lakini litachanika tu."

Engkus akaacha kutafuna. Katika kazi yake ya ujanjaujanja alijifunza jambo moja: anayekilaani kitu ambacho hajakijaribu, huyo si mlalamikaji. Huyo ni mteja.

"Samahani, Pak," alisema kwa heshima, akisogeza kiti. "Mkilipata la zamani, la enzi zile, mtafanyaje?"

Pak Gumilar, meneja wa benki mstaafu na mwenyekiti wa chama cha wapanda milima wakongwe wa Bandung, hakufikiri hata kidogo. "Nitauza gari la mke wangu."

"Na mama atatembeaje?"

"Pikipiki za abiria zipo."

Hapo ndipo mpango ulipozaliwa, ukiwa na afya njema na meno kamili.

Badak Rimba, kampuni yenye alama ya kifaru, iliwaahidi watu tangu siku ya kwanza: begi letu likiharibika, wakati wowote wa maisha yako, lilete dukani upewe jipya. Engkus aliona mlango ulioachwa wazi na mwenye nyumba amelala. Angeokota makuukuu yaliyooza, angepewa mapya bure, halafu mapya hayo angeyazeesha na kuwauzia wakongwe kwa bei ya machozi yao.

Makuukuu alikuwa nayo Haji Omod, muuza mitumba. Alitoa gunia zima.

"Haji, mbona yananuka kama matapishi ya mtoto?"

"Uzee huo. Wewe utanukia nini?"

Haji Omod alimfahamu Engkus, kwa hiyo hakumkopesha. Alitaka rehani. Engkus akampelekea cherehani ya mkewe, mchana ambao Mimin alikuwa amekwenda kupima wateja vipimo.

"Cherehani yangu iko wapi?" aliuliza Mimin aliporudi, vitambaa vya watu vimemjaa mikononi.

"Iko kazini."

"Mimi ndiye niko kazini, Kang!" Hata akikasirika alimwita kaka. "Nguo za Idi za mtaa mzima hizi, nitashona kwa meno?"

"Itarudi kabla ya mfungo. Ikirudi itakuwa na wenzake wawili."

"Isiporudi hiyo moja," alisema Mimin, akiweka vitambaa chini taratibu, "na wewe usirudi."

Engkus akaenda dukani kwa Badak Rimba. Kaunta ilishikwa na mama mmoja mpole wa kilemba cha rangi ya waridi, Bu Wiwi, ambaye alilipokea begi la kwanza kwa mikono miwili.

"Hili lilichanikia wapi, Kang?"

"Mlima Semeru, Bu. Dhoruba. Marehemu baba alikuwa ndani yake."

"Ndani ya begi?"

"Ndani ya dhoruba."

"Masikini," alisema Bu Wiwi, akafuta jicho ambalo halikuwa na chochote. Akampa jipya. Akampa mengine, moja kwa kila lililooza, na chai juu yake. "Ukipata zaidi lete tu. Hata yaliyooza. Hasa yaliyooza, Kang."

Engkus alitoka akijishika mbavu. Kampuni yenye akili kama hii, aliwaza, ndiyo maana imekufa.

Kilichobaki ni kuyazeesha, na hapo ndipo jasho lilipoanza. Aliyaloweka kwenye sufuria la chai. Yakatoka na rangi nzuri ya kahawia, lakini bado yakiwa na nguvu za ujana. Akayaanika juu ya bati. Bati likapauka kuliko begi. Akalifunga moja nyuma ya pikipiki na kuliburuta hadi njia ya malori. Kamba ikakatika, pikipiki ikapata pancha, begi likabaki limekaa katikati ya barabara kama mzee anayesubiri kusalimiwa. Lori likalipita juu. Engkus alilifuata, akalikung'uta, akatafuta palipochanika. Alitafuta sana.

Mimin alikuwa kizingitini, akidarizi kwa mkono nembo za kifaru wa zamani, maana cherehani ilikuwa kazini.

"Kang, si ulisema haya mapya ni takataka?"

"Ni takataka. Ila ni takataka kaidi."

Mwishowe aliyasugua kwa jiwe mpaka yakapata makunyanzi ya kuridhisha. Na kila jioni alipita Gedebage akihubiri, ili bei ya ukongwe ipande. Aliwaambia wauzaji na wapita njia kwamba mabegi mapya ya kifaru hayabebi hata wali. Alimtaja binamu yake aliyemwaga sufuria, vijiko na hadhi yake yote kwenye mteremko wa Papandayan. Binamu huyo hakuwahi kuzaliwa, lakini soko zima lilimhurumia.

Ikafika wiki ya munggahan, ile ya kabla ya mfungo, ambapo ndugu na marafiki hukutana na kula pamoja, na wenye miguu hupanda mlima. Chama cha wakongwe kilitandika majani ya migomba chini ya misonobari, wakamwaga wali, samaki wa kukaanga na pilipili. Engkus alingoja washibe. Mtu aliyeshiba ni mkarimu.

Akaweka mabegi mbele yao, kwa huzuni ya mtu anayeuza shamba la ukoo.

Pak Gumilar alilichukua moja. Alitazama nembo, akatikisa kichwa kwa upendo. Kisha akafungua zipu na kuingiza kichwa chote ndani. Alikaa humo muda mrefu.

"Linanukia yasmini," ilisema sauti kutoka ndani ya begi.

Engkus akakumbuka kuwa chai ya nyumbani kwake ni ya yasmini. "Marehemu bibi alipenda maua, Pak."

Kichwa kikatoka. "Begi la umri huu lazima linuke matapishi, Kang. Utando wa ndani unaoza, unabanduka kama ngozi ya aliyeungua jua. Harufu hiyo ndiyo cheti chake. Ngoja nikuonyeshe la kweli."

Akatoa begi lake. Lilikuwa limechanika mgongo mzima na nzi walilifahamu. Wazee wakapokezana, kila mmoja akiingiza kichwa na kutoka macho yamelowa. Lilipomfikia Engkus, hakuhitaji kunusa. Ni lile la dhoruba ya Semeru.

"Umelipata wapi, Pak?" aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Dukani kwao. Wamefungua chumba cha mabegi ya kale. Bu Wiwi, mama mcha Mungu yule, anayakusanya kutoka kwa wajinga fulani wanaoyabadilisha na mapya. Mke wangu sasa anapanda pikipiki."

Engkus alianza kuyakusanya mabegi yake, kisha akabadili mawazo.

"Basi yachukueni kama mapya," alisema, akisimama. "Ni imara, nawaapia! Nimeyaburuta, nimeyapitishia lori!"

"Wiki nzima umesema sokoni hayabebi hata wali."

"Nilikosea."

"Mtu aliyekosea hatoi mifano, Kang. Binamu yako anaendeleaje?"

Alirudi nyumbani na mabegi yote. Mimin alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuzungumza na Haji Omod, na kutoka hapo akaenda kwa kaka yake, anayeongoza wageni kwenye mlima Ceremai. Wiki ya munggahan wapagazi huwa hawatoshi.

"Haji ataitoa cherehani kwa ujira wako wa upagazi," alisema aliporudi. "Ujira utakuja mkononi mwangu. Utashuka mlimani siku cherehani itakaporudi, au siku begi hili litakapochanika. Lolote litakalotangulia."

"Begi lipi?"

Mimin akavuta moja la mapya yale, akalijaza mwenyewe: mchele, hema, majiko, mitungi ya gesi, na tikiti maji ambalo mgeni mmoja alitaka kulila kileleni. Engkus alilazimika kushika mwimo wa mlango ili ainuke.

Nusu ya mlima, kijana mmoja wa msafara akamsogelea. "Kang, hilo la kifaru ni la zamani?"

"Jipya," alisema Engkus.

"Soko zima wanasema mapya ni takataka."

Engkus alikuwa ametega sikio nyuma ya bega lake, akimwomba Mungu uzi mmoja tu ukatike. Mkanda ulikaa. Mshono ulikaa. Juu yao njia ilipotelea kwenye ukungu, na kaka yake Mimin akapiga filimbi ya kuendelea.