Malalamiko Kuhusu Mashine ya Mayai Iliyoshindwa Kuwafikia Wajukuu

Inyonga,
11 Julai, 1974

Kwa Mzee Athuman,
Mwenye Duka la Vyombo,
Mpanda Mjini.

Mzee wangu mheshimiwa,

YAH: MASHINE YA MKONO YA KUPIGIA MAYAI, ILIYOAPIWA KUDUMU IKAKATAA KUDUMU

Shikamoo. Kama umeshaitikia, asante. Kama hujaitikia, tafadhali itikia kabla hujaendelea, maana yanayofuata ni mazito na sipendi tugombane bila salamu.

Kwanza nijitambulishe, ingawa najua unanikumbuka. Mimi ndiye Leodgar Lyamba, fundi wa kuzaliwa. Kuanzia hapa Inyonga mpaka Magamba hakuna mashine isiyonijua. Baiskeli ikiniona kwa mbali inajijaza upepo yenyewe. Redio ya katekista wetu Bartolomeo ilikuwa bubu miezi miwili. Nikaikoholea mara moja tu, ikasoma taarifa ya habari pamoja na ile iliyoipita. Nimesoma mpaka darasa la sita. La saba niliwaachia wenye shida nalo. Ndimi yule kijana aliyeingia dukani kwako mwezi uliopita na bugaluu la rangi ya maziwa, ukamwambia binti yako Zubeda, "Hebu sogeza hayo masufuria, suruali ya huyu itayazoa yote." Nilisikia. Nimesamehe. Hilo halimo katika malalamiko.

Malalamiko yenyewe ni haya hapa.

LA KWANZA. Wewe ni shahidi kwamba mashine ile sikuiokota, niliichagua. Mwenye mashine ni shangazi yangu Katarina. Yeye anaoka keki kwa sufuria, moto chini na makaa juu ya mfuniko, na akifunua tu, watu wasiosali wanakumbuka njia ya kanisani kwa sababu inapita mlangoni kwake. Shida yake ni mkono wa kulia. Masika ya mwaka juzi alianguka na baiskeli, kifundo kikaunga upande. Akipiga mayai thelathini kwa uma, jioni lazima aukande kwa maji ya moto, huku akijifanya anaosha vyombo ili tusimwonee huruma. Aliposikia zipo mashine za kuzungusha, aliisubiri mavuno mawili ya tumbaku, halafu akanituma mimi, na akanipa masharti manne nikayakariri kama sala. Gurudumu liwe la chuma, lisiwe la bati. Meno yaumane, yasichekeane. Mpini uwe wa mti, usije ukateleza mkono ukiwa na siagi. Na nisikilize: mashine nzima ikizungushwa inanong'ona, mbovu inalalamika.

Ukaniwekea tatu juu ya meza. Ile ya mpini mwekundu ilikuwa nzuri kama bibi harusi, ila nilipoizungusha ikayumba kiuno. Ile nyepesi niliipinda kwa kidole gumba, ukaninyang'anya. Ya tatu nikaiweka sikioni nikaizungusha mara mia moja na kumi, wateja wakapanga mstari nyuma yangu, mama mmoja akauliza kama napiga simu Tabora. Nikaichukua hiyo. Nawe ukasema, mbele ya mama huyo huyo, "Kijana, hii ataitumia shangazi yako, ataitumia binti yake, na wajukuu wataigombania matangani. Ila ni ya mayai, siyo ya kupigia porojo."

Mzee, imekaa siku kumi na tisa. Jino moja la gurudumu limeng'oka na halijulikani liliko. Ukizungusha mpini, vile vichapio vyake viwili vinakwepana macho kama mtu na mkwewe. Katika siku kumi na tisa mjukuu gani anazaliwa? Marsela, binti ya shangazi, hata hajaolewa bado.

LA PILI. Nafasi hii naiacha wazi. Lalamiko lipo, ila halijanijia vizuri.

LA TATU. Boksi la mashine lina karatasi ya maelezo yenye maandishi ya kigeni, marefu kuliko Ijumaa Kuu. Nilimpelekea katekista. Akaigeuza, akaigeuza tena, akasema siyo Kilatini, kwa hiyo hawezi kutusaidia. Kuna picha ya mama wa Kizungu anacheka na bakuli. Anacheka nini? Kama kuna jambo ambalo mashine ile haitakiwi kufanyiwa, kwa nini hawakuchora picha ya mtu anayelifanya jambo hilo, analia? Mtu akikosea baada ya hapo, mwenye kosa ni mchoraji. Na baada ya mchoraji, ni aliyeuza mchoro.

LA NNE. Mashine yako inavuta nyuki.

Nalisema hili kwa masikitiko, kwa sababu ulipokuwa ukiisifu hukulitaja. Tangu Jumamosi iliyopita wanaingia jikoni kwa shangazi bila hodi, wanalizunguka boksi, wanaingia kwa upande wa gurudumu wanatoka wameshiba. Sisimizi nao wamefungua barabara, ukutani kwenda na kurudi, na wanaheshimiana kuliko madereva wenu wa mjini. Juzi kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi nje ya jiko hilo. Sauti ya nne ilipanda mpaka sauti ya kwanza bila ruhusa ya mwalimu, kisha wote wakapanda mwembeni. Mimi kama fundi nimechunguza na kuona kuwa hiyo ni kasoro ya kiwandani. Chuma cha huko kwao kina utamu.

LA TANO, ambalo ndilo baba wa yote. Marsela anaolewa Jumamosi ya tarehe ishirini na saba mwezi huu. Muoaji anatoka Mamba, kule kwenye mpunga, na mama yake, Mama Romana, ni mwanamke mwenye maneno. Siku ya kuleta barua alitazama vyungu vyetu vya asali akauliza kwa upole kabisa, "Na keki, nyie watu wa msituni, mnaipata wapi? Au tuwaletee?" Shangazi akasema, "Njooni mikono mitupu. Keki itakuwa na ghorofa tatu." Mzee, ghorofa tatu ni mayai tisini. Mayai yenyewe yapo tayari, yamelala kwenye pumba za mpunga, nayahesabu kila asubuhi.

Sasa fuata hoja yangu polepole. Bila mashine hakuna mayai kupanda. Yasipopanda, keki italala kama mkeka. Keki ikilala, Mama Romana atacheka, na wa Mamba wakicheka, Wakonongo wa huku Inyonga hatutanyamaza. Sisi tutawanyima asali, wao watatunyima mchele. Serikali italazimika kuunda kamati. Kamati itauliza chanzo ni nini, na mimi, kwa vile nimelelewa kusema kweli, nitawaambia chanzo ni duka moja la vyombo hapo Mpanda.

Kwa kuwa sipendi wewe, mtu mzima, ufikishwe huko, naomba yafuatayo:

(a) Mashine nyingine, ya chuma, iliyokwisha kusikilizwa na mtu mwenye masikio.

(b) Kama huna, uje wewe mwenyewe na lori la tumbaku, na mikono yako miwili iliyonyooka, ukae kwenye kigoda uyapige mayai tisini kwa uma. Chakula kipo. Zubeda anaweza kukusindikiza ili usichoke njiani.

(c) Utangaze sokoni hapo Mpanda, siku ya watu wengi, kwamba Leodgar Lyamba alichagua sawasawa, na kwamba sikio lake halina kosa.

Sina nia ya kukuharibia biashara. Nakutakia wateja wapole kama mimi. Nisalimie Mama Zubeda, umsalimie na yule paka anayelala juu ya gunia la sukari, mpimaji wako wa mafuta ya taa, yule mama aliyedhani napiga simu, na majirani zako wote wa kushoto na kulia. Zubeda usimsalimie kwa namna ya pekee. Msalimie kawaida, ila mara mbili.

Ni mimi mteja wako uliyemwonea,
Leodgar Lyamba, Fundi.

NYONGEZA. Nilikuwa nasonga ugali kidogo wa kubandikia bahasha, shangazi akaingia. Akauliza namwandikia nani. Nikamwambia. Akakaa chini, akasema, "Mwanangu, usimsumbue mzee wa watu. Mashine haina kosa. Ni huu mkono. Nimeikaba upande, nikaivunja jino." Akasema ameshatuma salamu Mamba kwamba itakuwa maandazi, keki hamna. Ile sufuria yake kubwa ya kuokea, nimeangalia, ina maharage.

Sasa nafasi ya namba mbili nimeijua ni ya nini.

Jumamosi ile ya nyuki shangazi alikwenda misa ya maziko Magamba. Baba mdogo Yohani alikuwa na pipa la masega kutoka kwenye mizinga, na baridi hii ya Julai ilikuwa imeigandisha asali mpaka ukiweka mwiko unasimama wenyewe. Kinamama huichuja kwa kitambaa, siku nne. Nikawaambia vijana wenzangu kwamba mimi, kwa mashine ya shangazi, nitaimaliza kabla ya chakula cha mchana, na nta nitaiweka pembeni imekunjwa. Walikuwa wanane na walikuwa wanatazama. Mzunguko wa kwanza ilinong'ona. Wa sita ikalalamika. Nilisikia, Mzee, sikio langu kweli halina kosa. Nikaongeza nguvu. Jino lake liko humo ndani ya pipa. Nikaiosha kwa maji ya moto, nikaifuta, nikairudisha kwenye boksi kama ulivyoifunga wewe. Kesho yake shangazi akaitoa ajaribu mayai mawili. Ikazunguka mara mbili, ikakwama mkononi mwake.

Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Karatasi ninayo hii moja tu, siwezi kuandika upya. Ya juu yaache, yalikuwa yananoga nilipoyaandika. Ila kama unalo gurudumu peke yake, la chuma, mpe dereva wa lori, na juu yake uandike jina langu, usiandike la shangazi.

Yuko jikoni sasa hivi. Anaukanda mkono, na leo hajifanyi anaosha vyombo. Marsela amekaa naye, na shangazi anamwomba radhi kwa ajili ya mkono ambao haukufanya kosa lolote. Nawasikia vizuri kutoka hapa nilipo. Bado sijamwambia.