Sailensa Niliyomchagulia Baba

Jumatatu, tarehe 4

Nimekwisha. Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba Ijumaa wazazi watakuja shuleni, na mimi ndiye nitakayesoma hotuba ya kuwakaribisha. Kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Kosa langu ni kupata alama nzuri kwenye lugha zote mbili. Ningejua ningefeli moja.

Mimi huyu, ambaye dukani namwonyesha muuzaji chumvi kwa kidole. Ambaye nikiitwa jina darasani nanyoosha mkono, kwa sababu kusema "nipo" ni maneno mengi.

Redio, tunayekaa naye dawati moja, hajanyamaza tangu darasa la kwanza. Akajitolea kunisomea hotuba. Nilitikisa kichwa kukubali hata kabla hajamaliza. Mwalimu Mkuu akasema Redio akipanda jukwaani siku hiyo hatutakula.

Habari nyingine ya leo: sailensa ya lori la Baba imeoza. Mama anasema lori linakohoa kama mtu wa kulazwa.

Jumanne, tarehe 5

Nimepata wazo. Nimejipongeza kimoyomoyo, kama kawaida yangu.

Baba anasambaza maji kwa lori la tangi. Kila Ijumaa asubuhi huleta shuleni, na tangi la shule liko nyuma kabisa ya jukwaa. Pampu inaendeshwa na injini ya lori, kwa hiyo injini haizimwi mpaka tangi lijae. Lori likinguruma vya kutosha, nitachezesha midomo tu. Nani atajua?

Ila inatakiwa sailensa isiyonyamazisha kitu.

Na nani kapewa kazi ya kuitafuta mtandaoni? Baba kaniambia, "Wewe mama ndiye msomi wetu, nichagulie. Nataka mlio wa heshima." Mama akadakia kwamba yeye anataka lori liingie nyumbani kama paka. Kaka, ambaye ndiye utingo wa Baba na anajiona mwenye lori, anataka besi nzito ya kutikisa vikombe.

Nimesikiliza milio mchana kutwa kwa spika za masikioni. Nimempata mshindi. Ndani yake hamna kitu, ni bomba limetobolewa matundu, basi. Maoni ya wanunuzi yote kwa Kiingereza. Mmoja kaandika kwamba tangu aifunge, mkewe amehamia kwa mama yake. Baba akauliza huyo anasemaje. Nikamtafsiria: mkewe amefurahi mpaka ameenda kumsimulia mama yake.

Baba akasema hiyo hiyo, kesho fundi atutafutie ya aina hiyo.

Jumatano, tarehe 6

Kwa fundi wa eksozi. Baba alitushusha, mimi na sailensa iliyooza, akaenda kujaza maji. Akasema nimweleze fundi mwenyewe, kwa kuwa mchaguzi ni mimi.

Nilimwamkia fundi. Shikamoo haikutoka, ilitoka pumzi tu. Akaniuliza binti, unaumwa? Nikatikisa kichwa kukataa. Akaniuliza basi nataka sailensa gani. Nikaangalia viatu vyangu, vikaniangalia.

Mwishowe nikauiga mlio kwa mdomo.

Fundi akaweka nyundo chini. Akauliza hapo gari limesimama au linapanda mlima? Nikamfanyia la kusimama. Nikamfanyia la mlima, na kubadilisha gia katikati. Akamwita mchomeleaji wa jirani aje asikie. Nikarudia. Ajabu, sikuona haya hata kidogo. Sijui kwa nini neno "shikamoo" linanikaba na lori zima la tani kumi linapita.

Fundi akasema, "Mdogo wangu, hiyo unayoitaka siyo sailensa. Hiyo ni tarumbeta." Nikatikisa kichwa kwa furaha. Anayo moja stoo, haijawahi kupata mteja.

Alhamisi, tarehe 7

Imefungwa. Baba aliporudi jioni, nguo zilidondoka kutoka kwenye kamba. Mama alimsemesha kwa mikono. Kaka amenuna, anasema ule ni mlio wa bati, si besi, na kwamba mimi bubu wa familia sikupaswa kupewa kazi ya sauti.

Baba alizima injini akakaa kidogo ndani ya lori. Akashuka, akasema kwa upole kwamba labda ndiyo fasheni, maana hata yule mke wa mtandaoni alifurahi. Mama akauliza huyo mke yuko wapi sasa. Nikasema bado yuko kwa mama yake.

Mama aliniangalia kwa muda mrefu.

Uamuzi: Jumamosi inarudishwa kwa fundi. Sawa tu. Mimi shida yangu ni Ijumaa.

Ijumaa, tarehe 8

Kila kitu kilikwenda sawa. Hilo ndilo tatizo.

Nilipanda jukwaani. Nikafungua karatasi. Nyuma yangu lori likaanza kusukuma maji, dunia ikajaa mlio. Wazazi wakaziba masikio. Nikachezesha midomo. Hakuna aliyesikia. Raha iliyoje! Nikaanza kutoa sauti kidogo. Bado hakuna. Nikaongeza. Nikaiacha karatasi kabisa. Nikapiga kelele kwamba viatu vinanibana, kwamba Redio ananakili hesabu zangu, kwamba suruali ya Mwalimu Mkuu imepasuka nyuma na walimu wote wanajua.

Sikujua kwamba Kaka ameniona, akamgonga Baba begani, akanionyesha. Baba hakuwahi kumwona mwanawe jukwaani. Akavua kofia. Kwa heshima yangu, tangi likiwa nusu, akazima injini.

Sauti yangu ikabaki peke yake uwanjani: "... na hii sailensa nimemdanganya Baba ainunue ili msinisikie!"

Mtu akakohoa. Redio alinyamaza, mara ya kwanza katika historia. Mwalimu Mkuu alipeleka mkono nyuma taratibu, akapapasa.

Niligeuka. Baba alikuwa amesimama kwenye ngazi ya lori, kofia kifuani. Nilingoja anifokee. Akasema, "Haya malizia, mama. Tunakusikiliza."

Nikasoma. Lugha zote mbili. Kwa sauti ndogo, nikimwangalia yeye tu, mgongo nimewapa wazazi. Wakapiga makofi hivyo hivyo.

Jumamosi, tarehe 9

Fundi ametufungia sailensa nyingine, ya kimya. Aliniomba kwanza nimfanyie la mlima, mara moja ya mwisho. Lori sasa linaingia kama paka kweli, na asubuhi hii limemfikia Mama mgongoni akiwa na ndoo. Anataka ifungwe honi mpya haraka.

Mwalimu Mkuu, katika suruali nyingine, amenipangia kuhutubia mkutano wa shule zote. Anasema sauti inayoshinda lori haifai kukaa bure. Baba amefurahi, atanipeleka mwenyewe.

Kuhusu honi, Baba kanikabidhi mimi tena. Kasema safari hii nitafsiri neno kwa neno. Nimeapa.

Nimeshaipata. Mnunuzi mmoja ameandika kwamba alipoipiga mara ya kwanza mbwa wake alikimbia, na mpaka leo hajarudi. Baba akauliza huyo anasemaje.

Nikamwambia: mbwa wake siku hizi anatembea peke yake, hana woga.