Tume ya Kwenda Antalya

Evaldas Skirpstas alikuwa sokoni Panevėžys, mji wa Lithuania, akinunua jibini kwa njia yake ya kila Jumamosi, yaani kwa kuonja kibanda baada ya kibanda bila kutoa hata senti, pale sikio lake liliponasa maneno yaliyomfanya asahau kutafuna.

"Eti unaingia Uturuki hivi hivi?" alikuwa akiuliza muuza soseji wa kibanda cha jirani. "Bila viza? Bila kuulizwa na mtu?"

"Hivi hivi, Zenonas," alijibu muuza jibini. " Pasi na tikiti, basi. Yule wa mpakani anaona wewe Mlithuania, anagonga mhuri, unapita. Unakaa miezi mitatu ukitaka."

"Haiwezekani."

"Binti yangu katoka huko juzi!"

"Binti yako kijana, hajui kitu. Mimi nakwambia hili jambo lina harufu."

Zenonas Vėbra alikuwa na soseji bora za moshi wilaya nzima, nyumba mbili, bustani nje ya mji, na fedha za kumzungusha dunia akarudi na chenji. Kitu alichokosa ni amani ya moyo. Alikuwa wa kizazi kile kilichokulia chini ya Moscow, ambapo mtu akitaka kwenda hata Bulgaria kuota jua lazima kwanza akae mbele ya tume ya watu wenye nyuso za mawe, aulizwe habari za mjomba wake na mwenendo wake wa ndoa. Tume zile zimekufa zaidi ya miaka thelathini. Nchi imejitawala, imeingia Umoja wa Ulaya, watu wanaruka kwenda Lisbon kula chakula cha mchana. Lakini Zenonas akiona mlango uko wazi, anatafuta nani kajificha nyuma yake.

Mtu mwingine angemwonea huruma. Evaldas alimwangalia akahisi joto la kupendeza tumboni. Katika miaka ishirini ya kuishi kwa mdomo alikuwa ameuza sumaku za kupunguza bili ya umeme na ardhi ya urithi isiyo na warithi, na kila biashara ilikuwa na kasoro moja, kwamba wateja walirudi. Hii haikuwa na kasoro. Angeuza kibali kisichokuwepo kwa watu wasiokihitaji, na kila mmoja wao angepita mpakani salama salimini. Nani angerudi kulalamika?

Akameza jibini, akasogea.

"Samahani mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekusikia bila kukusudia. Unasema kweli. Lina harufu."

Zenonas akaangalia kulia na kushoto. "Ipo?"

"Ipo tume. Haitangazwi."

"Nilijua!" Zenonas akapiga meza hata soseji zikaruka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea. "Nilimwambia mke wangu, haiwezi kuwa bure bure. Inakaa wapi?"

"Nitakujulisha," alisema Evaldas, maana tume ilikuwa na umri wa dakika moja na haijapata pa kukaa.

Lazima isemwe, kwa kumtendea haki, kwamba safari hii hakusukumwa na tamaa peke yake. Kulikuwa na Neringa. Neringa alikuwa mchumba wake, msusi mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, na alikuwa ametoa tamko. "Juni ikiisha sijaingia kwenye bahari ya joto, Evaldas, pete yako utaikuta kwenye sanduku lako la barua." Evaldas mwenyewe, mtu wa miaka arobaini na saba, bahari aliyoijua ni ile ya Palanga, ambayo mtu huiingia akipiga mayowe na kutoka akiwa wa rangi ya bluu. Alimpenda Neringa kwelikweli. Aliapa kwamba Juni watakuwa Antalya, pwani ya Uturuki, wote wawili, maji mpaka shingoni.

Akakodi chumba ghorofa ya pili katika kiwanda kilichofungwa, akapanga mabenchi kwenye ukumbi. Akapata mhuri wa kliniki ya mifugo iliyokufa. Ukiugonga kwa haraka, ng'ombe wake alifanana na yule farasi wa ngao ya taifa. Neringa akawa katibu. Kilichobaki ni mwenyekiti, na kwa hilo Evaldas alikwenda kwa Bi Leokadija Rimšienė, mwigizaji mstaafu aliyekuwa amecheza malkia maisha yake yote na sasa alikuwa akipanda nyanya.

"Mwenyekiti wa namna gani?" aliuliza Bi Leokadija bila kuacha kumwagilia. "Mkali au mwenye huruma?"

"Mkali."

"Nitahitaji kitambaa cha kijani mezani. Na jagi la maji."

"La kunywa?"

"La kutokunywa. Wewe hujui kazi hii, mwanangu. Na fungu langu kila Ijumaa."

"Fungu lako mwisho wa shughuli, Bi Leokadija, lote kwa mkupuo."

Mama yule alirudi kwenye nyanya zake. "Haya," alisema.

Zenonas alikuwa wa kwanza kuitwa. Aliingia na suti ya harusi yake, ambayo haikumfunga tena, na jasho lilikuwa likimtiririka. Ada alikuwa ameshailipa kwa Neringa, na Neringa alikuwa ameshaitia kwenye mtoto wa meza. Evaldas alikaa pembeni na kalamu, akijifanya mjumbe.

"Vėbra," alisema Bi Leokadija, akaacha kimya kitawale mpaka yule mzee akaanza kumeza mate. "Palanga ina ubaya gani?"

"Haina ubaya, mheshimiwa! Palanga nzuri sana!"

"Basi Uturuki unafuata nini?"

"Jua, mheshimiwa. Mgongo wangu."

"Mgongo. Taja mito mitatu ya Uturuki."

"Frati na... Hidekeli. Nimeisikia kanisani."

"Nimesema mitatu. Hotelini utakuta chakula kimeachwa wazi, kila mtu anajipakulia. Utafanyaje?"

"Nitajipakulia kidogo, kwa heshima."

"Na mayai ya kuchemsha? Utayatia mfukoni?"

Zenonas alitazama chini. Alikuwa mtu mwaminifu kwa namna yake. "Labda mawili," alisema. "Ya njiani."

Bi Leokadija akafunga faili lililokuwa na karatasi tupu. "Ombi limekataliwa. Mwingine."

Evaldas alingoja mlango ufungwe, kisha akaruka. "Umemkataa! Mtu kalipa, wewe unamkataa?"

"Tume isiyomkataa mtu hiyo ni duka," alisema Bi Leokadija, na jagi lake la maji hakuligusa.

Evaldas alidhani biashara imeingia mchanga. Kumbe mama yule alikuwa anawajua wateja kuliko yeye. Zenonas alipotoka alitangaza soko zima kwamba amekataliwa, kwamba tume ni ya kweli, tena kali, tena haichezi, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alionekana ametulia. Wiki iliyofuata mabenchi hayakutosha. Walikuja wenye bustani, walimu wastaafu, wapiga kinanda wa kanisa, wote na tai na nywele zilizosetiwa, wakinong'onezana majina ya mito. Aliyekataliwa alilipa upya akarudi. Na hakurudi mikono mitupu, maana wote walikumbuka vizuri jinsi mambo yanavyokwenda. Chokoleti zikaingia kwa mwenyekiti chini ya meza. Ikaja konyaki, ikaja asali, ikaja hata šakotis, ile keki ndefu yenye miiba, iliyovikwa koti ili isijulikane. Zenonas alileta soseji mara tatu akiomba apitishwe kabla ya jirani yake, akakataliwa mara tatu.

Wa kwanza kupitishwa alikuwa Bi Adelė Kuktienė, aliyewahi kuuza dawa. Alirudi kutoka Antalya amebabuka pua, mwenye furaha tele.

"Hawakuniuliza hata neno!" alihadithia watu ukumbini, huku kamshika mkono dada yake aliyemleta naye akaombe. "Kibali wala sikukitoa mkobani. Askari alinitazama tu usoni, akagonga. Nguvu yake ilimfikia kabla ya karatasi."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Siku hiyo Evaldas alipandisha ada.

Hapo ndipo alipojiharibia. Fedha ya Antalya ya watu wawili ilikuwa imeshatimia zamani, na Neringa alijua, maana yeye ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga ule mtoto wa meza.

"Tikiti vipi?" aliuliza.

"Kikao kimoja tu, kipenzi, halafu tunaondoka."

"Hivyo ndivyo ulivyosema Mei."

"Angalia foleni ile! Nani anakimbia foleni kama ile?"

Bi Leokadija naye akakohoa. "Fungu langu, mwanangu?"

"Kikao kimoja tu, Bi Leokadija."

Wanawake wale wawili wakatazamana juu ya kitambaa cha kijani. Evaldas hakuona, alikuwa anachungulia ukumbini akipiga hesabu ya vichwa.

Jumatatu ya mwisho wa Juni alifika akipiga mluzi. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka ngazini. Chumbani hapakuwa na katibu wala mwenyekiti. Mtoto wa meza ulikuwa wazi, mweupe, umepanguswa vizuri, na ndani yake kulikuwa na mhuri wa mifugo na pete ya uchumba. Evaldas alikuwa bado ameishika ile pete, hajui aiweke wapi, simu ilipolia.

"Evaldas," ilisema sauti ya Neringa, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto na mawimbi. "Maji ya joto! Nimeingia bila kupiga mayowe hata kidogo."

"Uko wapi?"

"Antalya. Na Bi Leokadija. Anakusalimu, amevaa kofia kubwa, watu wanampisha."

"Na hela zangu?"

"Mwenyekiti anasema zimetumika kwa safari ya tume."

"Neringa." Safari hii hakuwa anaigiza. "Si tulisema tutakwenda wote? Mimi na wewe?"

"Nilimwambia. Akasema ombi lako lilijadiliwa katika kikao cha mwisho likakataliwa. Sababu, mwenendo."

"Mwenendo!" Evaldas alipasuka. "Hakuna tume! Hakuna kibali! Uturuki mtu anaingia na pasi yake tu, mtoto mdogo anajua! Nimeitunga mimi, mimi mwenyewe, sokoni, nikiwa na jibini mdomoni!"

Ukumbini minong'ono yote ikakatika. Mlango ukafunguka polepole. Mbele alisimama Zenonas Vėbra na soseji yake ya nne, na nyuma yake watu wote, wenye suti na tai.

Evaldas alirudi nyuma mpaka dirishani, akachungulia chini. Palikuwa mbali, na pamejaa upupu.

"Umesemaje?" aliuliza Zenonas.

Hakuwa na pa kukimbilia, na Neringa alikuwa ameshakwenda, kwa hiyo Evaldas alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto wake. "Nimesema kweli, mzee. Nimewaibia wote. Nendeni kesho uwanja wa ndege na pasi zenu, mtapita. Hakuna tume."

Zenonas akavua kofia.

"Amekukataa," alisema kwa upole.

"Nani?"

"Mwenyekiti. Hata wewe amekukataa." Akawageukia wenzake. "Mimi nilipokataliwa mara ya tatu nilimwambia mke wangu maneno hayo hayo, kwamba tume ni uongo mtupu. Uchungu ule."

"Na mimi pia," alisema mpiga kinanda. "Nililia."

"Mzee Zenonas, nakuapia kwa mama yangu mzazi, Bi Adelė mwenyewe alipita bila kuulizwa..."

"Si ni kwa sababu nilikuwa nimepitishwa!" alisema Bi Adelė kutoka kando ya dada yake, akimhurumia.

Wakarudi kwenye mabenchi yao, wakakaa, wakaendelea kumngoja mwenyekiti. Bi Adelė peke yake akabaki mlangoni. Alifungua mkoba wake, akatoa boksi la chokoleti, akamtia Evaldas mkononi, mkono ule ule wenye pete.

"Mpe akirudi," alimnong'oneza. "Siyo mbele za watu. Na siku hiyo uvae tai, mwanangu. Hivyo ulivyo hata mimi ningekukataa."